Nani Alinyonya Nyuma Yako?

Ijumaa iliyopita nilirudisha ufunguo wa biro, ofisi yetu. Nilifika nyumbani, nikavua viatu, nikacheka peke yangu mpaka jirani akaja kuuliza kama niko mzima. Niko mzima sana! Nimekuwa avoka, wakili wa watu wa mipaka na karatasi maisha yangu yote, na sasa nalala hadi jua linaingia dirishani, na hakuna anayenigongea mlango na mfuko wa plastiki uliojaa vyeti vilivyolowa mvua.

Vijana wa biro wameniomba niwaandikie jinsi tulivyofanya kazi. Hao ni wale wale ambao maagizo yangu niliyoyabandika ukutani hawakuyasoma hata siku moja. Sawa, pengine nikishaondoka nitasomwa. Vyeo sitavitaja, kwanza havikuwa vingi. Nitaandika Kiswahili cha kitabu kadiri niwezavyo, ila watu nitawaacha waseme kama walivyosema, maana nikiwasahihisha hawatanisamehe.

Siku ya kwanza nilikuja na viatu vya kisigino kirefu. Nimezaliwa mtaa wa Majengo, hapa hapa Goma, nimekulia juu ya mawe ya volkano, nilipaswa kujua. Lakini nilikuwa nimetoka kula kiapo cha uavoka, na mtu aliyekula kiapo juzi hakubali kuvaa sandali. Kutoka barabarani hadi mlango wa biro ni hatua kama thelathini. Kisigino cha kushoto kilibaki kwenye hatua ya kumi na mbili. Maître Bauma, mkuu wetu (maavoka wote huitwa Maître), alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha chai, ananitazama nikija kama bata. Alifungua droo, akatoa kandambili za bluu, akaziweka mbele ya miguu yangu.

"Jiwe la Goma halijasoma sheria," akasema. "Vaa, mama. Watu wanangojea."

Baadaye nilijua kwamba kandambili zile zilikuwa za kazi. Kila avoka mpya alizivaa siku yake ya kwanza, wanaume kwa wanawake.

Biro yetu ilikuwa vyumba viwili karibu na mpaka wa Gisenyi, pa mashauri ya bure. Walikuja waliokimbia na waliorudi, waliozaliwa upande huu wakakulia upande ule, na wale ambao mpaka uliwakuta shambani wakilima maharagwe yao. Wote walitaka kitu kimoja: karatasi inayosema kwamba wao ndio wao.

Mteja wangu wa kwanza alikuwa muzee mwenye fimbo. Nikamuuliza kwa sauti ya mahakamani amezaliwa tarehe gani. Tarehe moja Januari. Nikaandika. Aliyemfuata, mama mmoja, naye tarehe moja Januari. Wa tatu vilevile! Kufika saa sita nilikuwa na watu watano waliozaliwa Bonne Année, nikaona nimegundua wizi mkubwa wa vyeti. Nikamkimbilia Maître Bauma na makaratasi yangu, kandambili zinapiga pa, pa, pa. Alicheka mpaka chai ikamwagika kwenye tai.

"Mutoto yangu, iyo tarehe ni ya karani," akasema. "Mutu akikosa tarehe, karani anamupatia ile ya mwanzo wa mwaka. Wewe acha tarehe. Uliza: nani alinyonya nyuma yako?"

Hilo ndilo somo lililonilisha miaka yote. Mtu atakudanganya umri, atakudanganya kijiji, na ukimbana atakudanganya hata jina la baba yake. Lakini aliyemfuata ziwa, yule aliyekuja kumnyang'anya mama, huyo hamsahau. Atakwambia jina, atakwambia msimu, mahindi yalikuwa yamefika wapi, na nani alimpa ndizi ili anyamaze. Ukishampata aliyemfuata, umemshika aliyetangulia. Unapanga familia nzima kama viti vya kanisani, na hakimu anaona.

Bauma mwenyewe alikuwa Muhunde, lakini alinifundisha kuhesabu Wanande kwa vidole. Sisi ambao wazazi wetu walitoka Rutshuru, kila mtoto anapewa jina lake kwa namna yake, huwezi kujua nani mkubwa. Wanande wamewarahisishia maavoka kazi. Mvulana wa kwanza Paluku, wa pili Kambale, wa tatu Kasereka, wa nne Kakule, wa tano Katembo. Jina lenyewe ni cheti cha kuzaliwa! Nilifurahi siku hiyo kama niliyepewa shamba. Bauma akaninyooshea kidole.

"Na ukishamaliza kuhesabu bale biko mbele yako, hesabu na bale habapo."

Niliandika kwenye daftari nikapiga mstari chini yake. Kuandika si kusikia.

Miaka ikapita, Bauma akastaafu, kisha akatuacha, Mungu amlaze pema. Mimi nikawa wa kufungua droo. Nilijifunza kutotoboa karatasi ya asili kwa pini, nilijifunza kuweka dosie, faili la mteja, kwenye plastiki mbili, maana mvua ya Goma haiulizi. Nilishinda kesi, nilishindwa nyingine, nikawa na jina mjini, na jina likanipanda kichwani kidogo. Nasema kidogo kwa kujihurumia.

Ndipo akaja Mama Masika.

Alikuwa mwanamke mwembamba, Mnande, anaishi Majengo kwa mama yake, mikono haitulii. Mumewe, Papa Muhindo, zamani dereva wa malori, alikuwa amepokelewa kama mkimbizi katika nchi moja ya baridi, nchi ambayo sitaitaja, na nchi hiyo ilikuwa imekubali aite mke na watoto. Fomu ilijazwa na yeye huko huko: watoto watatu. Sasa ubalozi wa nchi hiyo ulioko Kampala umemwandikia mama. Kwa nini watoto hawa hawana jina la baba yao? Kwa nini hata wao kwa wao hawana jina moja? Nani anathibitisha kwamba ni ndugu?

"Batoto bako ni nani na nani?" nikamuuliza, kalamu ya biki mkononi.

"Paluku, Kambale na Kakule."

Ee mama, nilivyofurahi! Niliona kesi nzima ikinyooka mbele yangu kama barabara mpya. Nitawaeleza hao wazungu hesabu ya vidole! Nikamwambia asiogope, hii ni kazi ya asubuhi moja. Aliitikia kwa kichwa, akatazama chini. Niliona ni adabu.

Tulivuka mpaka wa Bunagana kwa basi, mama, watoto watatu na mimi, hadi Kampala. Niliandaa hotuba yangu njia nzima, midomo inacheza, mpaka Kakule, mwenye miaka mitano, akamnong'oneza mama yake kwamba Maître anasali sana.

Ndani ya ubalozi alikuwepo Madame mmoja wa miwani, mpole, mkavu, na mkalimani, Bwana Masereka, Mkonzo wa Kasese upande wa Uganda. Wakonzo na Wanande ni watu wa damu moja, lugha yao inaelewana. Madame akauliza swali la majina. Nikasimama. Hakuna aliyeniambia nisimame.

"Madame," nikasema kwa Kifaransa changu cha Jumapili, "kwa watu hawa jina lenyewe ni cheti! Tazama. Paluku, wa kwanza!" Nikainua kidole. "Kambale, wa pili!" Cha pili. "Kakule, wa nne!"

Vidole vyangu, ambavyo vina akili kuliko mimi, vikainuka vinne. Nikavitazama. Madame akavitazama. Watoto walikuwa watatu kwenye benchi, miguu yao inaning'inia.

Bwana Masereka akakohoa. Akaomba ruhusa kwa Madame, kisha akanigeukia kwa upole unaoumiza kuliko kofi.

"Samahani, wakili. Mimi naitwa Masereka. Kwenu ng'ambo ni Kasereka. Ndiye wa tatu. Huyo somo yangu yuko wapi?"

Nilitamani sakafu ipasuke. Kazi yote hiyo, sifa zote hizo, na nimemleta mteja wangu Kampala kumfunga kwa vidole vyangu mwenyewe! Mama Masika aliweka mikono yake juu ya mdomo. Halafu akasema neno moja kwa Kinande. Bwana Masereka alivua miwani yake, akaifuta, akairudisha.

"Anasema yuko Rumangabo."

Rumangabo ni kwetu, kwenye barabara ya Goma kwenda Rutshuru. Ikatoka habari yote. Siku ya kukimbia, miaka sita nyuma, barabara imejaa watu, Kasereka mwenye miaka mitatu aliponyoka mkononi mwa baba. Walimtafuta, hawakumpata, wakaamini amekufa. Wakavuka mpaka. Kakule akazaliwa kambini, na wakamwita Kakule, wa nne, kwa sababu kwao mtoto akishapewa jina nafasi yake haikaliwi na mwingine, hata akiwa kaburini. Baba alipotangulia nchi ya baridi alijaza watatu, wale alioamini wako hai. Mama akarudi Goma. Na wiki mbili tu kabla ya safari yetu alisikia sokoni habari ya mtoto aliyeokotwa barabarani, aliyesema anaitwa Kase. Alienda kumtazama kwa mbali. Alikuwa yeye, na kovu lake la uji wa moto kwenye mkono.

"Juu ya nini haukuniambia?" nikamuuliza, na sauti yangu haikuwa ya mahakamani tena.

"Mutu mumoja wa kujazaka mafomu aliniambia, ukigusa fomu, munakosa bote. Nikasema niende na aba batatu, nitamutumia tiketi nyuma." Akaanza kulia. "Maître, nilikuwa najua ni mubaya. Nilikuwa najua!"

Madame aliweka kalamu chini. Akatueleza sheria ya kwao, ambayo mimi niliijua. Mtoto asiyetajwa kabla ya familia kuondoka hatatajwa tena. Kama wangepanda ndege watatu, Kasereka angebaki Rumangabo maisha yake yote, na tiketi ya nyuma isingefika. Kwa upande mwingine, asubuhi ile mlangoni mama alikuwa amesaini karatasi ya watoto watatu huku akijua wanne. Ubalozi ukiamua ni mwongo, wote wanakosa. Akatupa nafasi moja: maelezo ya kweli kwa maandishi, mtoto aonekane, mate ya wote yapimwe kuthibitisha undugu. Hakuahidi kitu.

Njiani kurudi nilimwomba Mama Masika msamaha mara nane. Mara ya tisa alinishika mkono.

"Acha basi, Maître. Ile vidole yako njo ilinifungua kifua."

Wiki hiyo hiyo tulienda naye Rumangabo, mimi juu ya moto moja, yaani pikipiki, yeye juu ya nyingine, vumbi mpaka kwenye meno. Mtoto alikuwa kwa Papa Sebahire, muzee aliyewahi kufanya kazi ya kufyeka njia kwenye hifadhi. Ndiye aliyemwokota. Alimtafutia wazazi kanisani na sokoni, akakosa, basi akamlea.

"Nilimutunza tu," alituambia, macho yake yako kwenye milima. "Nilijua iko na benyewe."

Kase alikuwa amekaa chini anamenya maharagwe, mtoto wa miaka tisa, uso wa Paluku mtupu. Nilifungua fomu yangu juu ya goti. Jina, akajibu. Umri, hakujua. Nikafika kwenye swali la Bauma.

"Nani alinyonya nyuma yako?"

Akafikiri kwa heshima, kama mtu aliyeulizwa jambo zito.

"Hakuna mutu," akasema.

Nikaandika: Hakuna. Sijawahi kuandika neno zito kama hilo. Kisha nikaenda kusimama nyuma ya nyumba, nikamwachia mama nafasi ya kumwambia. Nilisikia maharagwe yakimwagika. Sikuchungulia, na mnaonijua mnajua ilinigharimu nini kutochungulia.

Tulingoja karibu mwaka mzima. Mate yalipimwa, barua zilienda, barua zilirudi. Mama akawa anaenda Rumangabo kila Jumapili. Mtoto aliendelea kukaa na Papa Sebahire amalize mwaka wa shule, kwa hiyo nduguze walimjua kwa hadithi tu. Mimi niliongeza mstari mmoja chini ya fomu ya biro, kwa mkono, halafu kwa mashine. Mnauona kila siku na mnauruka: *Nani hayupo hapa?* Msiuruke.

Jibu lilikuja siku niko mahakamani. Karani wetu alinionyesha simu yake kwenye ngazi. Visa nne za watoto! Hesabu: Paluku, Kambale, Kasereka, Kakule! Niliruka, na umri wangu, nikiwa na joho jeusi. Ningepanda moto kama mtu mwenye akili. Sikupanda. Nilianza kukimbia kuelekea Majengo, joho linapepea, kandambili mguuni kwa sababu siku hizo nilikuwa nimeacha kiburi cha viatu.

Sasa, ninyi ni watu wa Goma. Mnajua mtu akikimbia hapa hatuulizi kama ni waasi, tunakimbia kwanza. Na huyu si mtu tu, ni avoka, na joho! Mama wa kwanza wa nyanya alikusanya bidhaa zake. Wa pili akampigia kelele wa tatu. Nikasikia milango ya maduka nyuma yangu, kwa! kwa! kwa! Kijana aliyesukuma chukudu lake la mbao alitupa magunia akanipita.

"Maître, banafika wapi?" akanipigia kelele.

"Kasereka anaenda!" nikamjibu.

"Kasereka anakuya!" akapeleka mbele. Na nusu ya Majengo ikamkimbia Kasereka, mtoto wa miaka kumi anayemenya maharagwe.

Nilipofika kwa Mama Masika nilimkuta ameshafunga vitu vyake kwenye kitenge, tayari kukimbia. Nilishindwa kusema, pumzi hakuna. Nikainua vidole vinne. Akavitazama. Akadondosha kitenge, akapiga vigelegele, na watu waliokuwa wanatoroka wakasimama. Wengine walitukana, na haki yao. Mkuu wa mtaa aliniita kesho yake kunionya kuhusu kuvuruga amani. Nikamwomba radhi nikicheka, jambo ambalo halikusaidia. Mama wa nyanya alinidai maelezo wiki tatu, kila nikipita.

Waliondoka nikiwa na kesi nje ya mji, kwa hiyo sikuwaona wakipanda ndege. Hilo lilinikaa moyoni kwa muda. Papa Sebahire aliwasindikiza, akaniambia mtoto alimshika vidole hadi mlango wa mwisho wa uwanja wa ndege.

Basi, Ijumaa iliyopita. Mliniandalia keki na soda, hotuba tatu, mbili ndefu. Mnakumbuka simu ililia katikati ya ile ya pili, na nikashukuru Mungu. Mnajua nilivyopiga kelele, lakini hamkusikia yote, kwa hiyo nawaandikia. Alikuwa Mama Masika. Alikuwa amezaa jana yake, mvulana. Katembo, wa tano! Karani wa hospitali ya huko alimuuliza kwa nini mtoto hana jina la baba, naye akamwonyesha vidole.

"Ngoja, Maître, kuna mutu anataka kukusalimia."

Sauti ikaja, imeanza kuwa nzito, Kiswahili chake kimepata baridi kidogo.

"Maître Zawadi? Ni mimi, Kasereka."

Mdomo ukasema wenyewe kile unachokijua.

"Kasereka. Nani alinyonya nyuma yako?"

"Kakule!" akajibu papo hapo, bila kufikiri. "Iko hapa. Anakulaka biskuti zangu zote!" Na nyuma yake nikasikia mtu akikataa kwa nguvu zote.

Mlipokuwa mnakata keki mlifikiri nimeenda kulia chumba cha nyuma. Ndiyo, nililia kidogo. Lakini nilikuwa natafuta dosie, rafu ya chini, plastiki mbili. Nikatoa ile fomu ya Rumangabo, bado ina vumbi. Nikachukua biki, nikafuta "Hakuna" kwa mstari mmoja, nikaandika juu yake "Kakule", nikasaini na kupiga mhuri, kwa sababu sahihisho lisilo na mhuri si sahihisho. Ndipo nikarudisha ufunguo.